Mashine ya Sweta Kwenye Mageti Mawili

Sebule ya Fundi Sweta haikuwa ya kukalia wageni. Ilikuwa ya mashine. Mgeni akija alipewa kiti mlangoni, na kama alikuwa mnene kidogo, alikaa upande.

Mashine yenyewe ilikuwa ndefu kama dawati la shule. Ilikuwa na sindano karibu mia mbili, zimepangwa mstari mmoja kama meno ya kitana. Juu ya sindano kulikuwa na kigari cha chuma. Fundi alikisukuma kigari kwenda, akakivuta kurudi. Kwenda, mstari mmoja wa sweta. Kurudi, mstari wa pili. Ikifika saa nne asubuhi, mgongo mzima wa sweta ulikuwa unaning'inia chini ya mashine, ukisubiri mikono na shingo.

Mume wake alikuwa fundi bomba. Yeye alimwita mkewe Mama Kwanini, na hakukosea. Tangu utotoni Fundi Sweta alikuwa mtu wa kuuliza. Sweta yake ya kwanza aliifumua yote ili aone uzi unaanzia wapi. Alichapwa, lakini alikuwa ameshaona.

"Huyu ukimuuliza saa ngapi," mume wake alipenda kuwaambia watu, "anakuuliza kwanza saa inatengenezwaje."

Waliishi na mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Bibi alikaa dirishani akikunja nyuzi ziwe madonge. Mikono yake ilikuwa kwenye nyuzi, masikio yake yalikuwa mtaani. Binti yake, yaani wifi wa Fundi Sweta, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Si mbali. Kutoka nyumbani hadi geti la mpaka ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Watu walivuka kwenda kusalimiana, kuzika, kutazama mtoto aliyezaliwa. Ulionyesha kitambulisho, ukapigiwa muhuri, ukapita.

Siku moja, wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, kigari kilikwama katikati ya mstari. Fundi Sweta alikivuta. Kikalia kama mfupa unaovunjika, na sindano tisa zikapinda kwa mpigo mmoja.

Bibi aliacha kukunja uzi. "Imekula nini?"

"Imejila yenyewe, mama."

Hilo lilikuwa jambo zito. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameagiza sweta tisini za kijani. Arobaini zilikuwa tayari, hamsini bado. Na mwalimu mkuu alikuwa mtu wa neno moja. Sweta zisipokuwepo siku ya kufungua shule, angenunua za kiwandani, na mwaka ujao asingerudi tena.

Mafundi wa mjini walikuwa wa cherehani. Waliitazama mashine ya kufuma kama mtu anavyomtazama mnyama asiyemjua, wakasogea nyuma. Aliyeijua kweli alikuwa mmoja tu, na karakana yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Watu walimwita Sindano. Alitengeneza mashine za sindano, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba hivyo hivyo.

"Nitampelekea," alisema Fundi Sweta.

Alfajiri ya kesho yake waliifunga mashine kwa shuka, wakaipakia kwenye mkokoteni wa kukodi. Pale getini foleni ilikuwa ndefu. Ofisi ya forodha ilikuwa upande wa pili wa barabara, imezungukwa na malori. Hakuna aliyemuuliza Fundi Sweta kuhusu shuka lake, naye hakumuuliza mtu. Alionyesha kitambulisho, akapita.

Kati ya geti la kwetu na geti la wenzetu kulikuwa na hatua kama mia mbili za lami tupu. Fundi Sweta alitazama huku na huku.

"Hivi hapa katikati ni kwa nani?" alimuuliza msukuma mkokoteni.

"Hapa ni kwa jua," alijibu yule mtu, akijifuta jasho.

Sindano alipoiona mashine alifurahi kama daktari aliyeletewa ugonjwa anaoupenda. Aliandika mambo fulani kwenye daftari lake, akasema, "Njoo siku ya nne." Siku ya nne mashine ilikuwa imepona. Ilikuwa na kigari kipya kinachong'aa na sindano mpya tisa. Fundi Sweta alijaribu mistari kumi papo hapo. Uzi ulipita kama maji. Alimlipa Sindano, akamshukuru, akaondoka bila kudai karatasi yoyote.

Walipokaribia geti, yule yule msukuma mkokoteni alipunguza mwendo. Aliinamisha kichwa kuelekea mashambani, chini ya barabara.

"Dada, tukipita njia ya panya ni dakika kumi tu. Panya hawaulizwi maswali."

"Panya hubeba vya watu," alisema Fundi Sweta. "Mimi nimebeba changu. Twende getini."

Getini alikuwepo afisa wa forodha, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio. Safari hii foleni ya watu ilikuwa fupi, na macho ya afisa yalikuwa na nafasi.

"Umebeba nini, dada?"

"Mashine yangu ya sweta."

"Umeinunua kwa bei gani?"

"Sikuinunua. Yaani niliinunua, lakini ni miaka mitano iliyopita, huku huku kwetu. Nilikwenda kuitengeneza."

"Ulipotoka nayo ulitangaza?"

"Nitangaze kwa nani?"

Afisa hakucheka. Alifunua shuka. Kigari kiling'aa juani.

"Mbona naiona mpya?"

"Kigari ndicho kipya. Mwili ni mkuukuu kama mimi."

"Una risiti ya kuinunulia? Una karatasi ya fundi?"

Fundi Sweta alifungua mkoba wake, ingawa alijua hakuna kitu.

"Dada, nielewe," alisema afisa. "Mimi sikuiona ikitoka. Ninaiona ikiingia. Kitu kinachoingia bila karatasi, kwangu mimi ni bidhaa kutoka nje. Inalipiwa ushuru na kodi."

Alipiga hesabu na kumwonyesha. Ilikuwa kama theluthi ya bei ya mashine nzima.

"Kwa nini nilipie ushuru kitu changu mwenyewe?"

"Swali zuri hilo," alisema afisa. "Ila nyuma yako kuna malori kumi na moja."

Mashine ikaingizwa kwenye ghala la forodha. Fundi Sweta alipewa hati inayosema mashine imeshikiliwa, namba yake ni hii, tarehe ni hii. Baada ya siku tatu ghala lingeanza kutoza gharama ya kuhifadhi. Alirudi nyumbani na shuka mkononi.

Mume wake alipomwona na shuka tupu alielewa kabla hajaambiwa. Alitupa spana kwenye kisanduku cha vifaa.

"Ungepita chini," alisema. "Kila mtu anapita chini. Wewe na ukweli wako."

"Angepita chini," alisema Bibi toka dirishani, "na wewe sasa hivi ungekuwa njiani unampelekea chakula mahabusu."

Sebule ilionekana kubwa mno bila mashine. Kisha Bibi akauliza polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Mimi naomba kujua kitu kimoja tu. Mashine ilijuaje kwamba imevuka?"

Mume wake Fundi Sweta alimtazama mama yake, akamtazama mke wake. "Sasa wamekuwa wawili," alisema.

Lakini swali la Bibi lilimwingia Fundi Sweta kichwani. Kweli. Mashine ni ile ile. Chuma ni kile kile. Ilitoka nyumbani ikarudi nyumbani. Kitu gani kilibadilika?

"Yule jirani wa mlango wa bluu," aliendelea Bibi, "si anashinda huko huko mpakani? Nenda kamuulize. Kuuliza si ujinga."

Jirani huyo alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kuwajazia wenye mizigo fomu zao na kuzifuatilia ofisini. Jioni hiyo mume na mke walimkuta amekaa ukumbini, miguu yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Karibuni, karibuni. Nisameheni siinuki, miguu imesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kaeni."

Fundi Sweta alieleza yote. Wakala alisikiliza, akasoma ile hati, akaitikia kwa kichwa.

"Aliyekukamata hajakuonea, dada yangu," alisema. "Na wewe hujaiba. Wote wawili mna haki. Ndiyo maana inauma."

"Basi nieleze. Mashine yangu imebadilika nini?"

"Haijabadilika umbo. Imebadilika jina." Wakala alisogeza mguu mmoja ndani ya beseni. "Sheria ya nchi inakwenda hadi kwenye mpaka, inakomea hapo. Ng'ambo yake inaanza sheria ya wenzetu. Mashine yako ilipovuka, kwetu iliitwa kitu kilichotoka, kwao ikaitwa kitu kilichoingia. Ilipogeuza, majina nayo yakageuka."

"Hata kama ni kwa siku nne?"

"Hata kwa dakika nne."

"Na pale katikati ya mageti? Pale ni kwa nani?"

Wakala alitabasamu. "Umeshawahi kuona jiwe jeupe kando ya barabara? Hilo ndilo la mpaka. Huku kwa jiwe ni kwetu, kule ni kwao. Hakuna hatua isiyo na mwenyewe."

Fundi Sweta alivuta kiti karibu. Mume wake alijua dalili hiyo. Wasingeondoka mapema.

"Lakini kwa nini kitu kikiingia kilipiwe?"

"Nikuulize mimi. Ukinunua sabuni dukani hapa mtaani, unalipa kodi?"

"Nalipa bei."

"Na kodi imo ndani ya bei. Sasa mtu alete sabuni kutoka kule, haijalipiwa chochote. Atauza rahisi. Mwenye duka wetu atakaa anapunga nzi. Kwa hiyo kodi ya bidhaa hufuata mahali itakapotumika. Kitu kikija kutumika kwetu, kinalipiwa kwetu. Na kikitoka kwetu kwenda kutumika kwao, wao ndio wanaokilipisha, kwa sheria zao."

"Sawa. Lakini mashine yangu nilishailipia niliponunua. Bei ile ilikuwa na kodi."

"Hapo sasa," alisema Wakala, akainua kidole. "Hapo ndipo wengi hawajui. Sheria inalijua jambo hilo. Kitu chako kikitoka kwa muda kwenda kutengenezwa, kisha kikarudi, hulipii chote upya. Unalipia kilichoongezeka tu. Kigari kipya, sindano mpya, na kazi ya fundi. Nchi nyingi zina utaratibu wa namna hiyo. Hazifanani kila kitu, kwa hiyo mtu aulize ofisi ya forodha kabla ya kuvuka. Shida ni kwamba sheria haina macho. Inaona kwa karatasi. Ulitakiwa kwenda ofisini kabla ya kutoka. Wangesoma namba ya mashine, wakaandika: imetoka leo, inakwenda kutengenezwa, itarudi. Siku ya kurudi wangelinganisha namba tu."

Mume wake Fundi Sweta alikohoa. "Na angepita kule chini?"

"Shemeji, kule chini wanakamatwa watu kila wiki. Mali inachukuliwa, na faini juu yake. Hata kama ni yako tangu ujana. Mashine ya halali ukiipitisha njia ya magendo, inageuka ya magendo."

Fundi bomba alitazama beseni.

"Na wifi yangu je?" aliuliza Fundi Sweta. "Yeye analala kule, anafanya kazi kule, lakini amezaliwa huku. Kodi ya mshahara wake inaliwa wapi?"

"Mke wangu," alisema mume wake, "tumekuja kwa ajili ya mashine."

"Mwache aulize, hawaulizi wengi," alisema Wakala. "Mshahara kwa kawaida hukatwa kodi pale unapofanyia kazi. Ikitokea nchi mbili zote zinaudai, nchi nyingi zina mikataba kati yao, ili mtu asikamuliwe mara mbili kama ng'ombe mwenye wenyewe wawili. Lakini mkataba haukufuati nyumbani. Ni wewe uende na karatasi ukaudai. Haya, turudi kwenye mashine. Risiti ya kuinunulia iko wapi?"

Fundi Sweta aliitoa. Aliporudi kutoka getini aliitafuta nyumba nzima na kuipata chini ya godoro. Ilikuwa nyeupe pe. Wino wake ulikuwa umefifia wote kwa joto. Wakala aliigeuza mbele na nyuma, akaiweka magotini.

"Fikiri, dada. Ni nani mwingine aliyewahi kuandika namba ya mashine yako mahali popote? Karatasi yenye tarehe ya kabla ya safari hii."

Fundi Sweta alifikiri. Mwenye karakana aliyemuuzia alikwishahama, na simu yake haikupatikana. Mwalimu mkuu alijua sweta, hakujua mashine. Alikuna kichwa. Halafu macho yake yakakodolea ukuta.

"Maonyesho," alisema. "Mwaka jana, maonyesho ya mafundi kwenye ukumbi wa halmashauri. Mlangoni waliandika namba ya kila kifaa kinachoingia, ili mtu asitoke na cha mwenzake." Alisimama wima. "Kumbe ni kitu kile kile. Wanaandika kikiingia ili kiweze kutoka."

"Umeelewa kuliko mawakala wengine ninaowajua," alisema Wakala. "Kesho nenda ukaombe nakala, wapige muhuri. Na huyo fundi wa kule akuandikie alichofanya na bei yake. Nakala halisi, si picha ya simu peke yake."

Asubuhi mume na mke waligawana kazi. Mke alikwenda ukumbini. Karani wa ukumbi alikuwa mtu wa pole pole. Alishusha madaftari matatu kutoka kabatini, akapuliza vumbi, akafungua kurasa kwa kulamba kidole. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na mstari huu: mashine ya kufuma, namba yake tarakimu kwa tarakimu, jina la mwenyewe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Fundi Sweta alilinganisha na ile hati ya ghala. Tarakimu nane. Zote sawasawa. Alitamani kumkumbatia karani, lakini karani hakuwa mtu wa kukumbatiwa.

Ng'ambo ya mpaka, wifi yake alikwenda kwa Sindano. Sindano alifungua daftari lake. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameandika: mashine kuukuu, namba hii, kigari kimevunjika, sindano tisa zimepinda. Aliandika risiti kamili, vipuri mbali na kazi mbali, akapiga muhuri wa karakana. Mume wake Fundi Sweta aliacha bomba la watu likivuja kwenye ndoo, akaenda kupokea karatasi hiyo getini kwa dada yake.

"Mwambie wifi," alisema dada yake, "Sindano anasema kitabu cha risiti alikuwa nacho siku zote. Ila hakuna aliyemuomba."

Siku ya tatu walisimama mbele ya meza ya afisa mkuu wa forodha. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alizisoma karatasi moja moja. Kisha akaamuru waende ghalani. Yule kijana wa kalamu alifungua mlango. Fundi bomba alilala chini sakafuni na tochi yake ya kazini, akamulika kibati kilichokuwa chini ya mashine.

"Soma," alisema afisa mkuu.

Alisoma tarakimu nane. Afisa mkuu aliweka tiki kwenye karatasi ya maonyesho, tiki kwenye risiti ya Sindano, tiki kwenye hati ya ghala.

"Mama," alimwambia Fundi Sweta, "sheria inaniruhusu kukubali ushahidi wa namna hii. Hainilazimishi. Ungekuja na maneno matupu ningekataa, na ungenilaani njia nzima. Utalipia kigari, sindano na kazi ya fundi. Mashine yenyewe ni yako, haidaiwi."

Hesabu mpya ilitoka. Ilikuwa ndogo, hata mume wake aliomba kuiona mara ya pili. Alilipa kwa ujira wa mabomba mawili, akapewa stakabadhi.

"Una swali?" aliuliza afisa mkuu, maana Fundi Sweta alikuwa bado amesimama.

"Nilikuwa nataka kuuliza kwa nini nalipia kigari. Lakini nimejijibu. Ni ili muuza vipuri wa hapa asikae anapunga nzi."

Afisa mkuu alivaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Nani amekufundisha?"

"Jirani. Alikuwa ameloweka miguu."

Walirudi na mashine saa sita mchana, na saa saba ilikuwa inafuma. Siku zile hapakuwa na mtu wa kupumzika nyumbani. Bibi alikunja nyuzi hadi vidole vikaota rangi ya kijani. Fundi bomba, ambaye hakuwahi kushika sweta isipokuwa kuivaa, alipewa mkasi akate ncha za nyuzi. Alikata ya kwanza, akakata na kipande kidogo cha shingo. Baada ya hapo alipewa kazi ya kukunja tu. Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, sweta ya tisini iliwekwa juu ya lundo. Mwalimu mkuu alizihesabu, akavuta mshono wa moja kwa nguvu. Haukuachia.

"Mwakani tufanye mia na ishirini," alisema.

Miezi mitano baadaye springi ya mashine ililegea. Fundi Sweta hakuhangaika. Alikwenda kwanza ofisi ya forodha, akafunua shuka mwenyewe kabla hajaambiwa. Yule kijana alisoma namba, akajaza fomu ya kitu kinachotoka kwa muda, akapiga muhuri. Kwenye geti la wenzetu Fundi Sweta alisimama tena, akasema mashine inaingia kutengenezwa na itatoka wiki hii. Nao wakaandika kwao, kwa sheria yao. Kwa Sindano alisubiri risiti, vipuri mbali, kazi mbali. Siku ya kurudi, afisa alilinganisha namba na kutoza kodi ya springi na kazi yake. Msukuma mkokoteni alikuwa hajamaliza hata kunywa soda yake.

"Basi?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Basi."

"Mimi nina mwenzangu ana jenereta," alisema, akikuna shingo. "Anataka kwenda kuitengeneza kule. Fomu hiyo inapatikana dirisha gani?"

Habari ikasambaa. Mpiga picha wa mtaani alikwenda na kamera yake akaiandikisha kabla ya kuvuka kupiga picha za harusi. Mwenye cherehani tatu akafanya vivyo hivyo. Wengine walikuja kumuuliza Fundi Sweta kwanza. Wakalia kile kiti cha mlangoni, naye akawaeleza huku kigari kikienda na kurudi.

Mwishoni mwa mwaka wifi alijifungua, na Bibi akataka kwenda kumwona mjukuu. Fundi Sweta alimsindikiza. Walipofika, Bibi hakwenda kwenye foleni ya watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la forodha, akafungua kikapu chake.

Aliweka kauntani miwani yake. Akaweka fimbo. Akaweka redio yake ndogo. Kisha akageukia ukutani kidogo, na alipogeuka tena alikuwa na leso mkononi. Aliifungua mbele ya yule kijana wa kalamu. Ndani yake kulikuwa na meno yake ya bandia, ya juu na ya chini.

"Andika na haya," alisema Bibi, maneno yakimtoka kwa upepo. "Yalitengenezwa huku kwetu. Nisije nikarudi mkasema nimeyanunua kwao."

Afisa aliyatazama meno. Meno yakamtazama.

"Bibi, mavazi yako na vitu vyako vya kutumia mwenyewe njiani havihitaji fomu. Rudisha meno."

"Na fimbo?"

"Na fimbo."

"Na redio?"

"Redio moja ya kusikiliza mwenyewe, haina neno. Zingekuwa redio kumi, hapo tungezungumza."

"Kwa nini?"

Fundi Sweta alitazama pembeni. Afisa naye aligeuka kutazama barabara. Siku hiyo hapakuwa na lori hata moja. Akaitoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani, akaegemea dirisha kama mtu mwenye nafasi.

"Kwa sababu mtu ana masikio mawili, Bibi. Redio kumi si za kusikiliza. Redio kumi ni duka."

Bibi alilifikiria jambo hilo. Akarudisha meno yake, ya chini kwanza, kisha ya juu, akayabana mara mbili ili yakae sawa.

"Hapo umesema," alijibu, safari hii kwa sauti yake kamili. Akakusanya vitu vyake kikapuni, akaenda kumwona mjukuu.